Dada Posta na Mlango wa Kijani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atembee polepole. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyelijua jiji hili kwa miguu yake. Tunamkumbuka Dada Posta. Alitutoka mwezi uliopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, na familia inalijua. Lakini ukilitaja mtaani, watu watakuuliza unamtafuta nani. Kwa hiyo na sisi tutamwita Dada Posta.

Alikuwa mpeleka barua. Maisha yake yote ya kazi alipeleka barua, kwa miguu, mkoba begani. Na mpeleka barua hujua mambo. Anajua mbwa gani anabweka tu na yupi ana nia. Dada Posta alijua na kingine: harufu. Viwanda vidogo vya bia vilipoanza kuchipuka mjini, yeye alivijua kabla havijaweka hata kibao. Kimoja kwenye gereji ya zamani. Kingine kwenye duka la mikate lililokuwa limefungwa. Kingine ghorofani, juu ya fundi viatu, ambako mapipa yalipandishwa kwa kamba na maombi. Alikuwa anapita na barua zake, anasimama, ananusa shayiri inayochemka, anapiga hodi. Mara nyingi alitoka ameonjeshwa.

"Barua za mtaa ule zilikuwa zinachelewa," anasema wifi yake, mke wa mdogo wake. "Kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyelalamika."

Alipostaafu, akaanza kuwatembeza watu. Kila Jumamosi mchana, kundi dogo, viwanda vinne, glasi ndogo ndogo. Sharti lake lilikuwa moja: mnaingia kwa mlango wa nyuma. Mwone sufuria kwanza. Mshike shayiri mkononi. Mumsalimie anayepika. Ndipo mwende mbele mkakae mezani kama watu. "Ukinywa kabla hujamwona aliyepika," alikuwa akiwaambia, "utasema ni chungu, basi. Ukimwona jasho linamtoka, utauliza kwa nini ni chungu." Wapo waliokuja kwa ajili ya bia wakarudi kwa ajili ya maneno yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwenye njia yake palikuwa na mlango mmoja wa kijani. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na kiwanda cha mdogo wake, wa tumbo moja. Dada Posta akikaribia hapo, alivuka barabara na kundi lake zima, akapita upande wa pili. "Hapo pamefungwa," alisema. Siku moja mgeni mmoja akashangaa. "Mama, mbona naona watu wanaingia?" Dada Posta hakugeuka.

"Wanaingia kufunga," akasema.

Kisa chenyewe ni hiki. Wawili hawa walijifunza kupika bia pamoja, kwenye chumba cha kufulia cha mama yao, kwa sufuria moja na ndoo moja kubwa. Mdogo mtu alipopata mchumba, wakakubaliana bia ya harusi waipike wenyewe. Wakaipika, wakaifunga kwenye chupa, wakazipanga chini ya meza kuu. Ukumbi ulikuwa na joto. Katikati ya hotuba, chupa ya kwanza ikapasuka. Ikafuata ya pili. Kisha zikaanza kujibizana. Wa kwanza kulala chini alikuwa mshereheshaji, maikrofoni mkononi. Bia ikamrukia mama mzazi wa bibi harusi, ikamlowesha kuanzia nywele hadi viatu.

Bwana harusi aliona aibu. Na katika aibu hiyo akasimama mbele ya ukumbi mzima akasema, "Ni huyu dada yangu. Yeye ndiye aliyeharibu."

Dada Posta alikuwa na hakika kosa si lake. Aliamini mdogo wake alikuwa na haraka, amefunga bia kabla haijatulia. Lakini alichukua mkoba wake akatoka. Ikapita miaka, karibu kumi. Barua za mdogo wake alizipeleka, maana kazi ni kazi. Alizisukuma chini ya ule mlango wa kijani, akaenda zake.

"Nilimjua kwa jinsi alivyosukuma," anasema mdogo wake. "Bahasha zangu zilikuwa zinafika katikati ya chumba."

Tunacheka, lakini ilimuuma. Dada huyu aliwajua wapika bia wote wa jiji, akabembeleza watoto wao. Watoto wa mdogo wake aliwaona kwa mbali, ng'ambo ya barabara, wakikua bila yeye.

Mpaka Jumamosi moja. Alikuwa na kundi lake kwenye ile gereji ya zamani. Wapika bia wa pale ni mume na mke, na siku hiyo walikuwa wanajiandaa kujaza chupa. Dada Posta alikuwa anawaeleza wageni wake. Bia ikishaiva, aliwaambia, kabla ya kuifunga kwenye chupa unaitia sukari kidogo. Hamira iliyobaki inaila hiyo sukari, na hapo ndipo povu linapotoka. Kidogo tu. Ikizidi, chupa haivumilii.

Akiwa katikati ya maelezo, mke akamuuliza mume, "Sukari umeshatia?"

"Nilidhani umetia wewe," mume akajibu.

Wageni wakacheka. Dada Posta hakucheka. Mgeni mmoja aliyekuwepo anasema Dada Posta alisimama na glasi yake mkononi, amekodoa macho kwenye ndoo ya watu. Alikuwa anaikumbuka asubuhi moja kabla ya ile harusi, kwenye chumba cha kufulia. Alifika, mdogo wake akiwa bado kwa fundi wa suti. Akatia sukari, akakoroga, akafunika ndoo, akaenda kununua vizibo. Aliporudi alimkuta mdogo wake ameshaanza kujaza chupa. Hakumuuliza alichofanya kabla ya hapo. Wala hakuulizwa.

"Jamani," akawaambia wageni wake, "leo tunapita kwingine."

Hakuvuka barabara. Akalipeleka kundi zima kwenye kiwanda cha mlango wa kijani, na kwa sharti lake, wakazunguka nyuma. Mdogo wake alikuwa ameinama kwenye sufuria. Akainua uso, akamwona dada yake, na nyuma yake watu wanane asiowajua.

"Asubuhi ile ya kujaza chupa za harusi yako," Dada Posta akasema, "ulitia sukari?"

Wala hakumsalimia kwanza. Mdogo wake akafuta mikono kwenye aproni. "Nilitia. Si nilikuta wewe hupo?"

"Mimi nilikuwa nimeshatia."

Mdogo wake akakaa juu ya gunia la shayiri. Alianza kucheka, halafu kicheko kikamshinda, akawa analia mbele ya wageni. Akamwita mke wake. Akamwita na mama mkwe wake, ambaye tangu zamani hukaa pale mbele, kwenye kiti cha dirishani, na soda yake. Walipokusanyika wote akasimama. "Nilisema mbele ya watu kwamba dada ndiye aliyeharibu. Nasema mbele ya watu tuliharibu wote wawili. Dada, nisamehe."

Dada Posta alimshika kichwa kama alivyokuwa akimshika utotoni, akakitikisa kidogo. "Nami ningekuuliza siku ileile," akasema, "tusingefika huku."

Mama mkwe aliwatazama wote wawili. "Kwa hiyo gauni langu lina wadeni wawili," akasema, na akarudi kwenye kiti chake.

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, ndugu hawa walipika pamoja tena. Na wakajiwekea utaratibu. Anayetia sukari anapaza sauti: "Sukari!" Mwenzake, popote alipo, hata akiwa chooni, anajibu: "Imeingia!" Asipojibiwa, hakuna kugusa chupa. Watoto wakamzoea shangazi yao. Wateja waliokaa mbele wakazoea zile kelele. Mama mkwe peke yake ndiye aliyelalamika kwamba pale hapakaliki.

Dada Posta alipofariki, palibaki ndoo moja waliyokuwa wameipika pamoja. Mdogo wake alishindwa kuigusa. Wiki iliyopita mke wake akamwambia, bia ya dada itaharibika, na dada hakupenda bia iharibike. Akaenda nyuma peke yake. Akatia sukari, akakoroga, na kwa mazoea akapaza sauti: "Sukari!"

Pakawa kimya. Anasema alibaki ameshika mwiko, hajui aende mbele au arudi nyuma.

Kisha kutoka mbele, kwenye kiti cha dirishani, ikaja sauti ya mama mkwe. Mama huyu hajawahi kuonja bia maishani mwake. "Imeingia," akasema. "Funga hizo chupa. Na safari hii, taratibu."

Kwako wewe mdogo wake, kwako wifi, kwa watoto, na kwako mama wa kiti cha dirishani, pokeeni pole zetu. Mmepoteza mtu mkubwa, na tunajua nyumba imepwaya. Matembezi ya Jumamosi yanaendelea, wifi ndiye atakayeongoza, na kundi litaanzia mlango wa kijani.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo. Huenda na wewe una mtu wako ambaye ukimwona unavuka barabara. Leo mpigie. Muulize siku ile yeye alifanya nini. Akishakujibu, mwambie na wewe ulifanya nini.