Simu ya Ijumaa Mchana

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlio jikoni, mlio kwenye foleni, na ninyi mliolala bado huku redio ikiwa juu ya mto. Saa hii, kila Jumamosi, mmezoea sauti nyingine. Leo mnanisikia mimi. Dada Ratiba amefariki. Amefariki Jumatano asubuhi, hospitalini, baada ya kuugua mapafu kwa wiki mbili. Narudia, Dada Ratiba wetu amefariki.

Nina mambo mawili leo. La kwanza ni kumkumbuka. La pili ni gumu. Miaka kumi na mmoja iliyopita kijana mmoja alizama kwenye bwawa la kuogelea la shule, na mji mzima ukamtupia Dada Ratiba lawama. Wengine mpaka leo hamjamsamehe. Kesho anazikwa. Sitaki azikwe na lawama ile, kwa sababu si yake. Nitafika hapo. Mnivumilie.

Dada Ratiba alikuja kituoni hapa kama mpokea simu. Alikaa pale karibu na mlango. Meza ya mbao, simu moja nyeusi, daftari moja kubwa la mistari. Wiki moja mtangazaji wa kipindi hiki akaamka hana sauti, anaongea kwa ishara. Mkuu wa kituo akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwona yeye. "Wewe, unajua kusoma?" Akajibu, "Najua. Ila sisomi nisichokielewa." Akaingia studio, akasoma dakika kumi na tano. Daraja la waenda kwa miguu limetengenezwa. Mbuzi mweupe amepotea, atakayemwona ampeleke kwa fundi viatu. Kwaya itaimba Jumapili. Hospitali inahitaji damu. Yule mtangazaji alipopona, alikuta kiti kina mwenyewe.

Jina la Ratiba mlimpa ninyi. Mtu akiuliza mchezo wa kuigiza ni lini, mnada wa vitabu vya watoto yatima ni saa ngapi, jibu lilikuwa moja: kamuulize Dada Ratiba. Mdogo wake ameniambia jana, tukiwa tumekaa sebuleni kwao, "Nyumbani ilikuwa balaa. Ukimwambia unarudi saa kumi, saa kumi na dakika tano yupo mlangoni, mkono kiunoni." Akacheka, kisha akatazama mlango.

Alikuwa mcheshi pia. Mwaka mmoja aliwapeleka kwaya na wachezaji wa mpira uwanja mmoja, muda mmoja. Wauguzi wanacheza na madereva, kwaya iko nyuma ya goli inaimba kwa nguvu zote. Golikipa wa madereva alifungwa matano, akasema wenye sauti ya kwanza ndio waliommaliza. Dada Ratiba aliomba radhi hewani huku anacheka, mpaka ikabidi nikate sauti niweke muziki. Nilikuwa fundi mitambo wake wakati ule. Aliniita mdogo wangu. Chai ndiyo ilikuwa zamu yangu, naye aliipokea kwa maneno yaleyale: "Mdogo wangu, chai hii mgonjwa akiinywa atapona kwa hasira."

Kazi yake ilikuwa na sheria moja. Ukipokea simu, andika kwenye daftari hapohapo, kabla hujakaa. Jambo likiahirishwa, tumia kalamu nyekundu. Hakuna "nitaandika baadaye."

Wiki ile ya bwawa kulikuwa na kuogelea kwa hisani. Walimu walikuwa wamekusudia kukusanya mablanketi kwa ajili ya wodi ya wazazi. Leta blanketi moja, uogelee mpaka saa sita. Dada Ratiba alilitangaza Alhamisi, akalitangaza tena Ijumaa asubuhi. Ijumaa mchana, saa saba na nusu, simu ikalia mezani kwake. Yeye alikuwa ametoka kupeleka barua. Simu ile niliipokea mimi.

Aliyepiga alikuwa mwangalizi wa bwawa, yule anayekaa kwenye kiti kirefu na filimbi shingoni. Alikuwa anatetemeka mpaka kwenye sauti. Akasema, "Nina homa, siwezi hata kusimama. Na maji hayajatiwa dawa, chini hapaonekani. Mwalimu mkuu amekubali tuahirishe. Mwambie Dada awatangazie watu." Nikamwambia sawa, pole sana, nitamwambia. Daftari lilikuwa pale mbele yangu. Kalamu nyekundu sikuiona, na chumba cha pili nilikuwa nimeacha mpira unatangazwa, penalti inakaribia kupigwa. Nikachukua kalamu ya mfukoni, nikaandika kwenye kiganja: bwawa hakuna. Nikajisemea nitahamishia daftarini baada ya mpira. Mpira ukaisha. Chakula kikaletwa. Nikanawa mikono.

Ni hivyo tu, wasikilizaji wapendwa. Nilinawa mikono kwa sabuni, nikala, nikasahau.

Jumamosi saa mbili asubuhi Dada Ratiba akasoma: kuogelea kwa hisani, saa tatu, bwawa la shule, njooni na mablanketi. Mlinzi wa shule alikuwa na redio yake ndogo sikioni. Hakuna aliyekuwa amemwachia maagizo yoyote. Alipoulizwa baadaye alisema, "Dada Ratiba ametangaza saa tatu. Mimi ni nani nifunge geti?" Akafungua.

Walikuja watu arobaini na kitu. Wa kwanza kuruka majini alikuwa kijana fundi rangi, miaka ishirini na mitatu. Alikuwa anajua kuogelea, na alikuwa anapenda kutazamwa akiruka. Maji yalikuwa ya kijani. Kila mtu alidhani ametokea upande wa pili. Wenzake walimwita, wakacheka, wakasema anajificha. Walimpata baada ya dakika ishirini.

Mama yake ni mfuaji wa mashuka hospitalini. Yeye ndiye aliyempa kijana wake blanketi la kupeleka, kwa kuwa alijua vitoto vichanga wodini vinafunikwa kanga kuukuu. Jumatatu mablanketi yalifikishwa hospitalini, arobaini na moja. Yakapelekwa kufuliwa kwanza. Aliyekuwa zamu ya kufua alikuwa shemeji yake, akayapitisha moja moja mpaka akafika kwenye lile la familia, akaliweka pembeni.

Jumanne mkuu wa kituo alituita sote. Akauliza, "Mwangalizi anasema alipiga simu. Nani alipokea?" Nilifungua mdomo. Hewa ikatoka, sauti haikutoka. Dada Ratiba alinitazama mara moja tu. Kisha akasema, "Daftari ni langu. Sauti ni yangu. Kosa ni langu." Akasimamishwa kazi miezi mitatu. Mimi nikabaki na kazi yangu. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho zile nimezisema miaka kumi na mmoja.

Aliporudi, hakuwa mtu yuleyule. Kila Ijumaa alivaa viatu vya chini, akabeba mfuko wa kitambaa, akaenda kwa miguu kila mahali palipokuwa na jambo la wikendi. Anagonga, anauliza, "Nani ana ufunguo? Atakuwepo? Akiugua, nani anashika zamu?" Watu walimwona msumbufu. Sokoni kuna waliomkebehi usoni: "Dada Ratiba, wiki hii unampeleka nani kuzama?" Alinunua nyanya zake akaondoka. Lile bwawa lilifukiwa, leo ni uwanja wa mchezo wa pete, na njia ya mkato inapita katikati. Hakuwahi kukatiza. Alizunguka ukingoni, hata mvua ikinyesha. Nimemwona mara nyingi, nami nikazunguka nyuma yake.

Mama wa fundi rangi hakumsalimu tena. Walikutana kwenye korido ya hospitali, sokoni, kwenye mlango wa duka la dawa. Dada Ratiba alisimama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akapita. Miaka kumi na mmoja ya shikamoo bila marahaba.

Na mimi? Mimi ninawapo mikono natazama kiganja kwanza. Mke wangu anadhani ni mambo ya usafi. Ile simu nyeusi iliondolewa zamani, siku hizi kila mtu ana yake mfukoni. Lakini Ijumaa saa saba na nusu huwa naisikia. Huwa nasimama kabisa kwenda kuipokea. Jana nimeisikia tena, na safari hii kiti chake hakina wa kukirudia.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali kumwona. Alikuwa amekonda, pumzi fupifupi. Nikakaa. Nikasema, "Dada, ile simu ya bwawa..." Akainua kidole ninyamaze. Akasema, "Najua, mdogo wangu. Mwangalizi aliniambia aliyepokea ni mwanaume na nyuma kulikuwa na mpira. Mpira ule alikuwa nao nani kama si wewe?" Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Mkeo alikuwa mjamzito wa miezi minane. Wangekufukuza siku ileile. Na mimi ningeweza kuwapigia shule asubuhi kuhakikisha. Sikupiga. Nilizoea kuaminiwa." Akapumzika kidogo. Kisha akasema neno ambalo sijalala nalo vizuri tangu siku ile: "Kila Ijumaa nilijiambia, leo atasema. Nilikungoja sana."

Nililia, sioni haya kulisema. Nikamwomba msamaha. Akanipa, tena haraka, kama mtu aliyekuwa ameshaufunga tayari kwenye mfuko. Lakini akaongeza, "Mimi nilikuwa najua. Kamwambie asiyejua."

Nilitoka pale nikaenda mpaka kwenye jengo la kufulia. Nikaona mvuke, nikaona mgongo wa yule mama, anakunja shuka na mwenzake. Nikarudi nyumbani. Nikasema kesho. Jumatano Dada Ratiba akafariki.

Hapa kituoni hatumtaji mtu hewani kwa jambo zito kabla ya kumwambia mwenyewe. Ni utaratibu aliouweka Dada Ratiba. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimpigia simu mama wa fundi rangi. Nilimweleza yote, kiganja, mpira, sabuni. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia tu mashine za kufulia zinazunguka. Kisha akauliza, "Na yeye alikuwa anajua kwamba ni wewe?" Nikasema, "Alijua, mama." Akasema, "Kwa hiyo alikuwa ananisalimia huku anajua. Na mimi nikamnyima." Nikasema nisamehe, mama. Akasema, "La mwanangu tutaliongea, nikiweza. Lakini hili la salamu, huyu mtu ameshakufa. Nitamrudishia vipi?" Nikamuuliza kama naweza kusema hewani. Akasema, "Sema. Usipunguze." Akakata.

Kwa familia ya marehemu, kwa mdogo wake, kwa wapwa zake aliowasomesha, pokeeni pole zetu kituo kizima. Kwako mama wa fundi rangi, pole ya miaka kumi na mmoja, kutoka kwa mtu aliyepaswa kuileta mlangoni kwako wiki ileile. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, fikirini kidogo leo. Pengine kuna mtu anabeba kitu chenu, amenyamaza, na kila wiki anawangoja. Msimngojeshe mpaka wodini. Baada ya kipindi hiki naingia kwa mkuu wa kituo, atakaloamua nitalipokea.

Ratiba ya wikendi ni fupi. Tamasha la kwaya limeahirishwa, kwaya yote itakuwa msibani. Mazishi ya Dada Ratiba ni kesho Jumapili, saa nne asubuhi, makaburi ya nyuma ya shule. Nimefika mwenyewe, nimeongea na mwenye ufunguo, atakuwepo, na akiugua kaka yake atafungua. Aliyekuwa amekusudia kutokuja kwa sababu ya bwawa, aje. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Dada Ratiba hakupokea simu ile. Niliipokea mimi.