Kipande cha Nguo ya Moraa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana wale wa benchi za nyuma wameitika kwa nusu mdomo, na mimi ushuhuda wangu ni wa mdomo mzima. Heri ya Sabato kwenu nyote. Kwa sababu ya wageni wetu nitasema Kiswahili, na mnisamehe, Kiswahili kilipofika huku kwetu milimani kilikuwa kimechoka sana.

Mimi ni Kerubo, mjane. Hapa Ekerenyo wengi mnaniita Mama Nyakundi, na wengine mnasema tu "yule wa doli". Nilichuma chai miaka mingi mpaka mgongo ukakataa kikapu. Nikakaa nyumbani nikitazama mikono yangu. Siku moja nilienda Kisii mjini kutafuta uzi, na katika duka la mama mmoja wa Kihindi nikaona kitambaa kinene, laini, cha kila rangi. Akaniambia kinaitwa felti. Ukikikata hakichomoki nyuzi pembeni, kwa hivyo hata asiye na cherehani anaweza kukishona kwa mkono. Nikanunua kidogo, nikamshonea mjukuu wangu kuku. Akalala na yule kuku, akala na yule kuku, hata choo akaenda naye. Nikashona ng'ombe, nikashona ndizi inayomenywa ganda, na walimu wa nasari wakaanza kuniagiza. Ndugu zangu, vidole vilivyozoea kuchagua majani mawili na chipukizi haviwezi kushindwa na sindano!

Halafu nikaanza doli. Mwili nashona kwa felti, ndani nashindilia pamba ya mito, na macho naweka mwisho kabisa. Na nilikuwa na desturi moja. Mama akitaka doli ya mtoto wake, namwambia aniletee kipande cha nguo ambayo imembana mtoto. Hicho ndicho kinakuwa gauni au shati ya doli. Mtoto akiona nguo yake ya zamani imevaliwa na kidoli, anacheka mpaka anakaa chini. Anayelia siku ya kwanza nasari, mpe hiyo, atanyamaza. Kina mama waliniletea vipande kwa furaha. Jirani yangu Kwamboka aliniletea kipande cha gauni ya njano ya binti yake Moraa, aliyekuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka.

Wageni wetu, hapa lazima niwaeleze jambo. Huku kwetu tulilelewa tukiambiwa kwamba nywele za mtoto, kucha zake na nguo aliyoivaa haziachwi ovyo, kwa sababu mwenye nia mbaya akizipata anaweza kumfunga mtoto augue. Mimi mwenyewe nywele za wanangu nilizitupa chooni, na nilikuwa nimeokoka! Lakini doli zilipoingia kijijini sote tulisahau. Tulisahau mpaka Moraa alipougua.

Ilikuwa msimu wa mvua. Alianza na kikohozi, ikaja homa, akakataa chakula. Nyanya yake, yaani mama mkwe wa Kwamboka, ni Bosibori, ambaye kijiji kizima tunamwita Magokoro, yaani Nyanya. Magokoro alikuwa amezika wajukuu siku za nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alikaa karibu na kitanda cha mtoto, akauliza swali moja tu: "Nguo ya huyu mtoto iko kwa nani?"

Ndugu zangu, swali hilo lilitembea Ekerenyo kwa kasi kuliko boda boda. Mama wa kwanza alikuja asubuhi, akasimama nje ya mlango. "Mama, ile kitambaa ya Brayo, tumeamua tutaitumia kwa kazi ingine." Kipande cha ukubwa wa kiganja, kazi gani? Nikamrudishia. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Wengine walikuwa na doli tayari, wakazirudisha bila kubisha hodi, wakazitundika kwenye ua wangu. Niliamka nikakuta ua wote una watu wadogo. Mtu aliyepita barabarani aliona doli nyingine ndani kwangu, zikingoja macho, na jioni ikasemwa kwamba Mama Nyakundi anawatoa watoto macho. Wakaanza kuniita omorogi, yaani mchawi. Hapa kanisani nisiseme uongo, benchi yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilikaa peke yangu kama bibi harusi.

Mwanangu Nyakundi anafanya kazi Nakuru. Akapiga simu. "Mama, toka huko leo. Unajua vile watu hufanywa." Nilijua. Sote tunajua, na hakuna haja ya kutaja hapa mbele ya watoto. Niliogopa sana, ndugu zangu.  Lakini nikajiuliza, nikikimbia, nani atakaa na kaburi la mume wangu pale kwenye migomba? Na lile jina litabaki limekaa mlangoni, na wajukuu wangu hawatarudi tena kwenye shamba la babu yao. Nikafikiria kuchoma doli zote. Nikaona moshi wenyewe utakuwa shahidi dhidi yangu. Basi nikapiga magoti, nikamwambia Bwana kwamba sina la kusema, kwa hivyo aseme Yeye. Sikusikia sauti. Nililala usingizi tu, na kwa wakati ule usingizi ulikuwa jibu kubwa.

Asubuhi wakaja. Magokoro alikuwa mbele na fimbo yake, nyuma yake umati, na mzee wa kijiji akijaribu kuwatuliza bila kusikika. Kijana mmoja alikuwa na mtungi, na ule mtungi haukuwa wa maji, ulinuka petroli. Kwamboka alikuwa amembeba Moraa mgongoni ndani ya shuka, kwa sababu walimleta ili nimfungue.

"Mfungue mtoto!" Magokoro alisema. Kwa Kikisii ilikuwa kali zaidi ya hivyo.

Nikamwendea Kwamboka, akarudi nyuma. Lakini nilikuwa nimeshafika karibu, nikasikia ile pumzi. Mimi nimelea watoto. Shuka lilikuwa limeteleza, nikaona mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, na pua zinapanuka. Pale, ndugu zangu, hofu yangu mwenyewe ilinitoka, sijui ilienda wapi. Nikasema, "Mimi sina cha kufungua. Huyu mtoto kifua kimeziba. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mimi nitakaa kwenye kiti hiki hapa mlangoni. Akipona, mtarudi kwenu. Asipopona, mnajua niliko."

Nilisema hivyo, nikakaa.

 Kwamboka akamtazama mama mkwe wake, maana mke wa mtu haamui mbele ya mama mkwe. Magokoro alinitazama mimi, akamtazama mtoto mgongoni. Kisha akamwambia mzee wa kijiji, "Ita pikipiki. Waende. Mimi nabaki na huyu." Pikipiki ikaja, Kwamboka akapanda na mtoto wake, na umati ukabaki umenizunguka uani.

Magokoro akaonyesha doli ya Moraa, ile ya gauni ya njano, iliyokuwa bado kwangu inangoja macho. "Fungua tuone umeweka nini." Nikamwambia afungue mwenyewe, kwa sababu nikifungua mimi watasema nimeficha kitu mkononi. Nikampa mkasi. Aliushika kama kitu cha moto. Akapasua tumbo la doli. Pamba. Akapasua kichwa. Pamba. Akataka nyingine, na nyingine, mpaka zile zilizotoka kwenye ua pia. Kazi yangu yote ikalala sakafuni, na nilikaa kwenye kiti nikiitazama. Niliumia, nisidanganye. Lakini kila tumbo lililofunguka lilikuwa linanitetea.

Hata hivyo umati haukuondoka. Pamba haishawishi mtu aliyekwisha kuamua. Na hapo ndipo Bwana alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku nacheka peke yangu. Siku ile ilikuwa siku ya lori la kiwanda kukusanya chai! Honi ya lori ikalia kule chini kwenye kituo. Majani yalikuwa yamechumwa tangu alfajiri, yako kwenye vikapu, na lori likienda majani yanaungua, yanakuwa meusi, yanabaki yako. Watu wakaanza kutazamana. Wa kwanza alisema anaenda kujisaidia. Wa pili aliondoka tu. Mama yake yule kijana wa mtungi alimwita kutoka ng'ambo, kwa sauti ambayo nyote mnaijua, aje abebe kikapu, akaenda mbio na mtungi wake. Uchawi unaweza kungoja mpaka jioni, lakini chai haingoji! Naona mnacheka. Hata wale waliokuwepo wanacheka. Chekeni, nimewasamehe.

Tukabaki wawili, mimi na Magokoro. Mzee wa kijiji alikaa langoni akisinzia. Mvua ikanyesha, ikakatika. Nikamwuliza kama atakunywa chai yangu, akakataa. Tulikaa hivyo. Nilimwombea Moraa kimoyomoyo, na nikaona midomo yake pia inacheza. Adui yangu na mimi tulikuwa tunaomba kitu kimoja.

Mchana simu yake ikalia. Haoni vizuri, akanipa nimbonyezee. Alikuwa Kwamboka. Ni nimonia. Wamemwekea mtoto hewa ya oksijeni na sindano, na daktari amesema wangechelewa mpaka jioni angekuwa anasema maneno mengine. Lakini sasa pumzi imetulia. Amefungua macho. "Na anaulizia doli yake," Kwamboka akasema. "Anasema, iko wapi?"

Magokoro akatazama sakafu. Ilikuwa pale, imefunguka tumbo na kichwa. Akaiokota. Kisha akasema, "Niliwazika wale wengine, Kerubo. Nisingeweza tena." Akanyoosha mkono. "Nipe sindano."

Nilimtungia uzi, akashona yeye. Mishono yake ilipinda kama njia ya kwenda Magwagwa baada ya mvua. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya felti, naye hakuyafuta. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu maisha yangu yote. Siku ile nikamshikia pamba. Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu, na niliupokea nikiwa nimekaa kwenye kiti changu!

Jioni waliuza chai yao, wakarudi. Ndiyo, walirudi, na mtungi pia ulirudi. Walitukuta mlangoni tumeketi bega kwa bega, Magokoro anaweka jicho la pili, uzi uko katikati ya meno yake. Hakuinuka. Aliwaambia, "Mtoto anapona. Nendeni nyumbani. Hamwoni nina kazi hapa?"

Wakaenda. Hakuna aliyewafukuza isipokuwa yeye.

Basi namshukuru Mungu aliyenitoa mikononi mwa watu, na akawatoa watu hao mikononi mwa hofu. Nashukuru madaktari ambao hawakuniuliza nguo ya mtoto iko kwa nani. Namshukuru Magokoro, ambaye ameketi pale kwa wamama na hataki nimtaje. Kama wewe uko hapa na jina lako limechafuliwa, usikimbie kabla hujamwita Bwana. Na kama wewe uko hapa na unamwogopa jirani yako, nakusihi, nenda ukakae naye uani siku moja, mchana, mpaka honi ya lori ilie. Mwamini Mungu hata kwa jambo dogo kama hilo. Mpe hofu yako, Yeye anajua pa kuitupa.

Baada ya mambo hayo, vipande vya nguo havikuja tena. Watu walinisalimia vizuri, walinunua kwangu kuku na ndizi za felti, lakini nguo ya mtoto hakuna aliyethubutu kuniletea. Sikuwalaumu. Nikaombea jambo hilo pia, nikangoja.

Ndugu zangu, juzi Kwamboka alibisha hodi. Hakuleta kipande. Alileta nguo zote za Moraa za mwaka jana, sweta, magauni, hata soksi, zimefungwa kwa leso, akaziweka mapajani mwangu mbele ya majirani waliokuwa wanapita.

"Mama," akaniambia, "chukua zote. Ameshakua, hazimtoshi tena."

Hazimtoshi tena! Bwana asifiwe!