Marehemu Fumie Nagakura na Mtoto Aliyekataliwa na Ukoo wa Hoshina

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu katika joto hili la Agosti mkaja kutufariji, historia ya mama yetu mpendwa, Bi Fumie Nagakura, inasomwa na binti yake Itsuko, imeandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho ya msomaji, na baadhi ya jamaa walioiona jana waliomba ipunguzwe makali, tukakataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1926 katika kijiji cha Nukata, karibu na mji wa Sayama, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Eikichi Nagakura na Bi Hatsu, wakulima wa viazi vitamu, akasoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia Aprili 1932 hadi Machi 1938, akamaliza akiwa wa kwanza katika hesabu, na masomo yake yakaishia hapo, kwa kuwa kaka zake walipelekwa mbele na yeye akapelekwa shambani.

Tangu Februari 1946 alifua na kupiga pasi nguo za askari katika kambi ya Wamarekani walioikalia nchi yetu baada ya vita, kazi iliyowalisha wazazi wake katika miaka ile ya njaa, na tarehe 2 Novemba 1947 alifunga ndoa na Bwana Yasuji Hoshina, mkulima wa chai, ambaye mama yake, Bi Kiyo, alipokea kwa mikono miwili sukari na unga vilivyotoka kambini, asiulize hata siku moja nani amevitoa.

Tarehe 23 Juni 1949 marehemu alijifungua mtoto wa kike mwenye ngozi nyeupe pe, nywele za rangi ya majani makavu na macho yasiyotulia kwenye mwanga, yaani mtoto mwenye ualbino, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, na Bi Kiyo hakumgusa, bali alimwambia mkwewe, mkunga akiwa bado ananawa mikono, "Huyo askari wako ana jina, au ulimjua kwa cheo tu?" Yasuji alikuwa mlangoni, akatazama miguu yake. Siku ya tisa mama na mtoto walitolewa nje na furushi moja la nguo, na mtoto akakataliwa kuandikwa katika rejista ya ukoo wa Hoshina.

Mwezi Januari 1950 marehemu aliajiriwa katika shamba la mbegu za maua la Mzee Sakuzo Orihara, akakaa hapo miaka arobaini na moja akitunza asagao, yale maua yanayotambaa na kuchanua alfajiri, na huko ndiko Mzee Orihara alikomwambia, "Fumie, usidanganywe na sura, huyu zambarau ana mweupe kamficha ndani." Akamweleza kwamba kila mche hupewa jeni mbili za rangi, moja ya baba na moja ya mama, kwamba jeni ya zambarau ndiyo mtawala, ikiwapo moja tu ua lote huwa zambarau, na kwamba jeni ya weupe hujinyamazia, hupita kutoka kizazi hadi kizazi bila mtu kujua, mpaka siku inapokutana na mwenzake, moja kutoka kila upande, ndipo ua jeupe linapotoka kwa wazazi wa zambarau. Marehemu hakumwamini mtu kwa maneno matupu, hivyo mwaka 1953 alipanda mwenyewe mbegu za miche miwili ya zambarau ambayo kila mmoja ulikuwa na mzazi mweupe, ikachanua miche 412, zambarau 311 na myeupe 101, karibu kabisa na mmoja kwa kila minne, akaihesabu mara tatu, kisha akakaa chini kwenye udongo akalia kwa hasira.

Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo alipanda treni ya kwanza, kwa kuwa asagao hunyauka kabla ya mchana, akiwa na vyungu vitatu, viwili vya maua ya zambarau na kimoja cha ua jeupe, akafika langoni kwa Hoshina na kusema, "Mama, tazama, wawili kama hawa ndio waliomzaa huyu mweupe, wala hakuna mwingine aliyeingia bustanini, kwa hiyo weupe wa mtoto nusu nimempa mimi, nusu kampa Yasuji." Bi Kiyo akamjibu, "Maua hayafui nguo kambini," akafunga lango.

Wakati huo Yasuji alikuwa ameshaoa tena, safari hii binti wa baba yake mdogo, aliyebeba jeni ileile ya ukoo uleule, wakamzaa Takamasa mwaka 1952, nywele nyeusi, wakashangilia, na tarehe 4 Oktoba 1956 wakamzaa Mitsuhei, nywele nyeupe, ilhali katika nyumba ile hakuna aliyewahi kufua hata soksi ya askari. Siku hiyo walijua kwamba mama yetu hakuwa na kosa. Je, walikuja kuomba radhi? Walinunua rangi nyeusi, wakampaka mtoto kichwani na kwenye nyusi kila mwezi, wakamfundisha kusema kwamba macho yake yaliharibiwa na homa.

Tarehe 8 Julai 1979 Mitsuhei, kijana wa miaka ishirini na miwili, mizizi ya nywele zake ikichungulia myeupe, alisimama mlangoni pa shamba la mbegu na kusema, "Samahani, nimesikia hapa yupo mtu anayefanana na mimi," na marehemu akamjibu, "Ingia upesi mwanangu, jua litakuchoma, na hiyo rangi tutaiosha." Tangu siku hiyo marehemu akiulizwa ana watoto wangapi alisema wawili, na Mitsuhei ndiye aliyekaa pale mbele, mwenye kofia mapajani.

Mwezi Februari mwaka huu, 2011, marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akalazwa hospitalini Tokorozawa, na mwezi Juni alimpigia simu Takamasa, ambaye sasa ndiye mkuu wa ukoo, akamwomba jambo moja tu, aseme mbele za watu kwamba Itsuko ni mtoto wa Hoshina, naye akajibu, "Bibi, hayo ni ya zamani, wenyewe wameshakufa." Mama alikuwa hajafa. Alifariki tarehe 17 Agosti, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, amesubiri miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuletea barafu na wali, na wafanyakazi wa shamba la Orihara waliomheshimu mama yetu tangu siku ya kwanza. Ukoo wa Hoshina bado hatuwashukuru. Bwana Takamasa, tunajua umekaa safu ya nne karibu na feni, utaitwa wa mwisho kuweka ubani, na kabla hujagusa chetezo utawageukia watu hawa na kusema maneno matatu, "Itsuko ni wetu," kwa sauti ya kusikika, maana msomaji hawezi kuuona uso wako kutoka hapa, lakini masikio yake ni mazima, na jeneza halitafungwa kabla hujayasema.

Mama, pumzika kwa amani. Bwana Takamasa, simama.