Grizel Tulloch, Mlinzi wa Nyika ya Corriemore

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Struan, kitinda mimba wake, nawasomea maisha ya mama yetu Grizel Tulloch, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la kondoo hapa Corriemore, akasoma shule ya kijijini hadi 1956, kisha akapika katika jiko la shule hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Tarehe 14 Juni 1963 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Lachlan, mchunga kondoo, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Elspeth na mimi.

Mwaka 1987 nyika yetu, ile inayogeuka zambarau yote kila Agosti vichaka vinapochanua, ilitengwa iwe hifadhi ya ndege wanaotaga milimani, na mama akaajiriwa kuilinda.

Wengi wenu mnakumbuka moto wa Mei 1996, ulioshuka na upepo kutoka kileleni, jirani yetu Murdo akaja na trekta alime ukanda wa kuuzuia, lakini njia yake ilikatiza palipokuwa na viota vya ndege waitwao sululu, na mama akasimama mbele ya trekta.

“Grizel, una wazimu? Mlima wote unaungua!”

“Basi shuka uzime, Murdo! Hapa hupiti.”

Murdo akashuka huku akitukana, akachukua gunia lililolowa, na kijiji kizima kikaupiga moto hadi jioni, ukafia hatua chache kutoka kwenye viota, na pale katikati ya moshi tukamwona sululu mmoja, mdomo wake mrefu umepinda kifuani, amelalia mayai yake hajanyanyuka, nasi sote, wanaume wazima wenye nyuso za masizi, tukavua kofia bila kuambiwa.

Mama alianza kuugua mapafu mwaka 2019, akafariki hospitalini Inverness tarehe 11 Mei mwaka huu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Elspeth.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu na mikate, na walinzi wenzake wa hifadhi.

Alitamani majivu yake yamwagwe kule juu nyikani, lakini aliagiza mwenyewe kwamba akifa majira ya kutaga asipande mtu, hivyo atasubiri hapa kanisani mpaka makinda yaruke.

Mama, pumzika kwa amani, tutakupandisha Agosti.