Fimbo ya Pete Sita ya Mtawa Ryosen Takebe

Mtawa Ryosen Takebe, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 katika kijiji cha Kamiose, mkoani Kochi, akiwa mtoto wa tatu wa mkata mbao Kanji Takebe na mkewe Sue. Wazazi walimwita Masao. Jina la Ryosen alipewa hekaluni.

Alisoma shule ya kijijini hadi 1957, kisha akapelekwa mlima Koya, penye mahekalu makuu ya madhehebu yetu, kufundwa utawa. Huko alikabidhiwa fimbo yenye kichwa cha shaba na pete sita, ambayo nyote mnaijua kwa mlio wake. Mwalimu wake alimwambia kwamba pete hizo ni dunia sita ambamo viumbe huzaliwa, hufa na kuzaliwa tena, na mlio ni wa kuwaamsha.

Mwaka 1965 alirudi kuongoza hekalu letu dogo. Kila majira ya baridi alipita nyumba kwa nyumba na bakuli lake la sadaka, akitikisa fimbo mlangoni bila kusema neno. Asipofunguliwa, alikwenda zake. Mara moja tu alivunja utaratibu huo, mlangoni kwa Mzee Horiuchi, fundi wa mikeka. Hakuna aliyetoka, naye hakuondoka. Binti wa nyumba, Fumie, akachungulia dirishani.

"Wewe mtawa, hujui kukataliwa?"

"Najua. Nangoja mvua iishe."

Mvua yenyewe ilikuwa haijaanza. Kwa kuwa watawa wa madhehebu yetu huruhusiwa kuoa, walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1968, wakajaliwa mtoto mmoja, Tomoaki.

Fumie alipomuuliza maana ya zile pete, alimwambia ni matendo sita mema: kutoa, kushika miiko, subira, bidii, utulivu wa moyo na hekima. Watoto wa jirani akawaambia ni za kuwaonya vyura na nyoka wahame njiani asije akawakanyaga.

"Sasa ipi ya kweli, Baba Tomo?"

"Na wewe nawe! Niache kwanza nifike ninakokwenda."

Mwaka 2016 alianza kusahau. Alikuwa akitoka alfajiri na fimbo kuomba sadaka kwenye nyumba zilizohamwa siku nyingi. Tomoaki alitaka apelekwe nyumba ya wazee, Fumie akakataa katakata.

"Maadamu namsikia, hajapotea."

"Na majirani wanamsikia, Mama! Saa kumi alfajiri!"

Wakapatana hivi: mzee abaki nyumbani, ila pete zifungwe kitambaa. Fumie alikikata kitambaa, chekundu, Tomoaki akakifunga.

Asubuhi ya tarehe 12 Februari 2019, Fumie akiosha figili uani, marehemu alitoka na fimbo yake. Alipatikana jioni kwenye njia ya mlimani, ameketi mbele ya sanamu ya Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, ambaye naye hushika fimbo kama ile. Kitambaa kilikuwa shingoni mwa Jizo, kimefungwa vizuri kabisa, ingawa marehemu alikuwa hawezi tena kufunga hata mkanda wake mwenyewe. Kwa hiyo pete zilikuwa wazi. Tangu wapi, hatujui. Fumie anasema alizisikia, akadhani ni masikio yake tu. Tomoaki anasema kama zingelia, kijiji kizima kingesikia. Tumeandika yote mawili, maana la tatu hatuna.

Kichomi kilimchukua tarehe 21 Februari, hospitalini. Kabla ya hapo alifumbua macho akamtazama mkewe.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia," Fumie akasema.

Tomoaki alimtazama mama yake.

Fimbo haitaingia jenezani, kwa kuwa tanuri la kuchomea maiti halipokei shaba. Tomoaki anataka irudishwe Koya. Fumie anataka ibaki nyumbani. Hawajaafikiana. Kwa leo Tomoaki ataishika na kutangulia mbele ya jeneza, na mama yake amemwambia aitikise kwa nguvu.

Marehemu ameacha mjane, Fumie, mwana, Tomoaki, mkwe, Yoriko, na wajukuu wawili, Kazuha na Shunta. Apumzike kwa amani, popote njia ilipomfikisha.