Mizeituni ya Ami Mahfudh

Ikifika tarehe 30 Juni, Ami Mahfudh Kammun, mchoraji wa mandhari ya jukwaa letu hapa Sfax, atastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Nimeombwa mimi, Najib wa taa, niandike wasifu wake. Aliyenichagua ama hajui kwamba kwa miaka tisa kati ya hiyo hatukuwa tukiamkiana, ama ana utani mbaya.

Aliingia akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, kazi yake kukoroga gundi na rangi. Haikupita miaka mitatu akawa yeye ndiye mchoraji. Amechora masoko, majangwa, meli, ikulu mbili, na jela moja ambayo waigizaji waliipenda kuliko hizo ikulu. Huchora akitembea juu ya kitambaa kilichotandazwa sakafuni, soksi miguuni, burashi kaifunga kwenye fimbo ndefu. Ole wako ukanyage na viatu!

Lakini karakana yake ya kwanza ni meza ya nyumbani. Kila Jumapili, bakuli la kuskusi likishaondolewa, mkewe, Bi Kamar, hutandaza karatasi, na yeye, mke na mabinti watatu huchora hadi chai ipoe. Sheria ni moja: hakuna kufuta. Ukikosea, kosa lako lifanye kitu kingine. Ule mnara uliopinda katika mchezo wa harusi, ambao wageni waliusifu kwa ubunifu, ulichorwa na Inas, kitinda mimba wao, akiwa na miaka sita.

Sasa ugomvi wetu. Alichora shamba la mizeituni uani, juani, kijani kizuri ajabu. Siku ya onyesho nikawasha taa zangu za manjano, shamba lote likageuka kahawia. Tena mbele ya watu wa Sfax, wanaoijua mizeituni kuliko wanavyowajua mashemeji zao! Mtu akapaza sauti kutoka viti vya juu: "Imwagilieni maji jamani, inakufa!" Watu wakavunjika mbavu.

"Umeniulia mizeituni yangu, Najib!"

"Umepaka supu ya dengu mwenyewe, halafu unasingizia taa!"

Basi, miaka tisa hiyo.

Januari mwaka huu Bi Rafika, mkurugenzi wetu, alitangaza kwamba Ami akiondoka karakana ya rangi itafungwa, na mandhari zitachapishwa kwa mashine. Ami akaomba nafasi moja: achore pazia la mwisho, shamba la mizeituni. Watu wakilipenda, apewe mkataba wa mwaka mmoja amfundishe mrithi. Wasipolipenda, karakana ifungwe. Bi Rafika akakubali.

Wiki hiyohiyo Ami akaja chumba changu cha taa. Nikadhani vita vimeanza upya. Kumbe alikuja kunionyesha mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka.

"Tangu kiangazi," alisema. "Mstari hauendi tena. Usimwambie mtu. Na taa zako nazihitaji."

Nililia, na sioni haya kuliandika.

Jumapili iliyofuata meza ya Bi Kamar ilihamia jukwaani, ukumbi ukiwa mtupu. Bi Kamar akashona kitambaa, mabinti wakavua viatu wakashika burashi, Ami akaketi kitini akiamuru. Mimi niliwasha zilezile taa za manjano tangu tone la kwanza la rangi, ili waone kile watakachokiona watazamaji.

"Ami Najib, punguza, majani yanaungua!" akalalamika Sundus, binti mkubwa.

"Yanaungua kwa sababu umezidisha wekundu, binti yangu!"

"Loo!" akafoka Bi Kamar. "Hata ugomvi mnarithishana?"

Tulifanya hivyo Jumapili sita. Siku ya onyesho, taa zilipowaka, mzee mmoja akaita: "Wallahi zeituni zimeiva! Nani kaja na kikapu?" Makofi yalilipuka kabla mwigizaji hajatamka neno.

Mwisho wa mchezo Bi Rafika alipanda jukwaani na kutangaza kwamba mkono kama ule hauachwi uende, mkataba uko tayari. Ami angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Badala yake aliuinua ule mkono mbele ya ukumbi mzima, ukitetemeka.

"Mkono huu haujachora hata jani moja," alisema. "Waliochora ni hawa." Akawaita mkewe na mabinti.

Nikajua ameifunga karakana kwa mdomo wake mwenyewe. Bi Rafika aliutazama mkono, akazitazama soksi za Sundus, zimejaa rangi ya kijani.

"Julai mosi unaweza kuanza?" akamwuliza Sundus.

Binti akaangua kilio. Baba yake akamjibia kwamba anaweza.

Ami Mahfudh, kwa kila anga uliyotutandazia, tunasema asante. Mungu akujalie afya, umri mrefu na Jumapili nyingi. Mkono wako na upumzike kwa amani ya moyo: karakana haifungwi, na fundi wake bado anaitwa Kammun.