Delbert Ostergaard na Mnada wa Kocha Mayhew

Mchungaji Lindqvist, ndugu zetu, majirani, na ninyi mliotoka soko la mifugo, familia imenituma mimi Karin, mtoto wa kwanza wa marehemu, nisimame hapa mbele ya jeneza la baba yetu niwasomee maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, nami naomba mnivumilie nikifika sehemu ya katikati, kwa kuwa ni yeye mwenyewe aliyeagiza isomwe.

Delbert Rolland Ostergaard alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, katika shamba la wazazi wake, Anker na Thora Ostergaard, kaskazini mwa mji huu wa Tarlow, jimbo la Iowa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, siku ambayo theluji ilifunga barabara na daktari akafika mtoto amekwisha kunyonya, na bibi yetu alizoea kusimulia kwamba kilio chake kilisikika hadi zizini na ng'ombe wakageuza vichwa.

Alisoma shule ya msingi ya Bethany kuanzia mwaka 1950 hadi 1958, kisha sekondari ya Tarlow hadi 1962, ambako alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi na kurushiana, katika safu ya mbele kwa misimu mitatu, akaumia goti vuli ya mwaka wa mwisho, na hivyo nafasi aliyokuwa ameahidiwa kwenye timu ya Chuo cha Wexmoor cha hapa mjini ikapotea kabla hajaivaa jezi yake. Mwaka 1964 alikwenda Missouri kusomea udalali wa mnada, akarudi na cheti na ile sauti mliyoijua wote.

Tarehe 11 Juni 1967, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Lorene Vance, aliyekuwa mpishi wa shule, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1969, Steven mwaka 1972 na Joellen mwaka 1976, pamoja na wajukuu saba. Kuanzia 1965 hadi alipostaafu mwaka 2009 alikuwa dalali mkuu wa soko la mifugo la Tarlow, na wafugaji walimtania kwamba angeweza kumuuzia mtu ng'ombe kilema aliyemleta mwenyewe asubuhi, ila hawakuwahi kusema kwamba alimdanganya yeyote, maana kilema alikitaja kwanza, kisha akaanza kunadi.

Baada ya kustaafu, sauti ile ilikosa kazi, na hapo ndipo mpira wa Wexmoor ulipomchukua mzima mzima. Viti vyake viwili uwanjani, alivyovilipia kila msimu, alikuwa navyo tangu mwaka 1968, lakini sasa alianza pia kupiga simu redioni kila Jumapili jioni katika kipindi cha mashabiki, na kila Jumatatu alikuwa kwenye mkahawa wa Verna, akibishana na rafiki yake wa utotoni, mwalimu Orrin Tveit, ambaye tunaye hapa leo.

Kocha wa Wexmoor wakati huo alikuwa Terrence Mayhew, aliyekuja Tarlow mwaka 2009 na mkewe Yolanda na binti yao mdogo, Simone, na walikuwa miongoni mwa familia chache sana za watu weusi katika mji wetu. Mashambulizi ya kocha huyu yalikuwa ya taratibu, mpira ulipewa mkimbiaji aupenyeze katikati, tena na tena, na mrushaji hakuruhusiwa kurusha mbali ila kwa nadra, na vuli ya mwaka 2011, timu ilipopoteza mechi tatu mfululizo, mji mzima uligawanyika.

"Mara ya tatu kati ya nne, bado yadi nane za kusogea, unampa mtu mpira akimbie katikati!" baba alisema pale kwa Verna. "Huo ni mpira, au tunalima?"

"Wewe kofia ya mchezo umeivaa mara ya mwisho kabla mtu hajatua mwezini," Orrin alimjibu. "Haya, nitajie kijana mmoja pale anayejua kudaka."

"Hawajui kudaka kwa sababu hawarushiwi!"

"Na hawarushiwi kwa sababu hawajui kudaka. Delbert, hebu kunywa kahawa yako."

Watu walicheka, na hakukuwa na ubaya wowote katika hilo, mji wetu umeishi kwa mabishano ya namna hiyo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu. Lakini Jumapili ile baba alilipeleka lile neno la kulima redioni, akayabatiza mashambulizi ya Kocha Mayhew "plau", na wiki iliyofuata uwanja mzima ulikuwa ukiimba "Plau! Plau!" kila mkimbiaji alipokabidhiwa mpira, na mtu ambaye hatujamjua hadi leo akaegesha plau kuukuu mbele ya nyumba ya kocha, kwenye majani, mahali ambapo binti yake alikuwa akichezea. Baba alipoambiwa alicheka, akasema hao ni vijana tu.

Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2011 kulikuwa na staftahi ya mashabiki katika ukumbi wa soko la mifugo, kama ilivyo kila mwaka, watu kama mia tatu, chapati za maji na soseji, na kocha akiwa mgeni wa heshima pamoja na mkewe na mtoto. Baba aliombwa anadi zawadi zilizochangwa, akanadi blanketi la viraka, akanadi nguruwe mmoja, na vitu vilipokwisha ukumbi bado ulikuwa umechangamka na mikono yake bado ilikuwa na moto, mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Delbert, mnadi kocha!"

Naye akamnadi. Alishuka jukwaani, akamshika Kocha Mayhew mkono kama anayemkaribisha, akamsimamisha kwenye vumbi la mbao, pale pale walipokuwa wakisimamishwa mafahali, akaanza kwa ile kasi yake. "Tazameni mabega haya, mabwana, tazameni meno, kurusha hajui ila kulima anajua, nani ananipa gunia moja la magunzi, moja, moja, nani ananipa mawili, hakuna, basi nani ananipa nusu, nusu gunia, jamani, mnaniangusha!" Akamzungusha, watu wauone mgongo. Ukumbi ulicheka hadi watu wakashika mbavu, na kocha alisimama akitabasamu lile tabasamu la mtu asiyeona mlango ulipo, hadi Bibi Mayhew alipoinuka na kusimama tu, sahani yake mkononi, na kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine. Mezani kwa Orrin hakikuwa kimeanza. Baba akasema, "Ameuzwa!" akagonga nyundo, kwa sababu alikuwa hajui namna nyingine ya kumaliza.

Walirudi nyumbani na mama akakataa kushuka garini. Mama yetu hakuwa msemaji, nanyi mnajua.

"Delbert, umempiga mnada mtu mweusi," alimwambia.

"Nimemnadi kocha. Ningemnadi hivyo hivyo hata angekuwa Mdenishi kama mimi."

"Lakini hakuwa Mdenishi," mama akasema, akafungua mlango wa gari, akashuka, akaingia nyumbani.

Tunasema kwa aibu kwamba baba aliing'ang'ania ile hoja ya Mdenishi kwa miaka saba. Hakwenda kuomba radhi. Jumapili iliyofuata alipiga simu redioni kama kawaida, akazungumzia yadi na mara ya tatu, na tarehe 21 Novemba 2011, chuo kilipomwondoa Kocha Mayhew, magari yalipita mbele ya nyumba yetu yakipiga honi, akaletewa keki iliyofinyangwa kama plau, naye akaikata, akaila, akawagawia waliokuwepo. Orrin hakuketi tena meza moja naye pale kwa Verna. Miaka miwili baadaye kocha mpya aliingia na mashambulizi ya kurusha, Wexmoor ikachukua ubingwa wa kanda, watu wakampongeza baba kana kwamba kombe ni lake, na mama alisema usiku ule alimwona akizima televisheni wakati kombe linainuliwa.

Mama alitutoka tarehe 2 Februari 2017. Mwaka uliofuata, sikukuu ya kushukuru, mjukuu wake Britta, binti ya Steven, alikuja kutoka chuoni na simu mkononi, kwa maana kuna mtu aliyepiga picha za video siku ile ukumbini, na vijana wa siku hizi walikuwa bado wakirushiana.

"Babu, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria mpira," alisema, na sote tulioizunguka meza ile tulingoja aendelee na habari za Mdenishi, lakini alimwomba Britta airudie ile video, akaitazama hadi mwisho, akaenda kukaa barazani bila koti.

Mei 2019 aliendesha gari peke yake hadi mji mmoja wa Illinois, ambako Kocha Mayhew alikuwa akifundisha mpira katika sekondari. Yaliyotokea huko alitusimulia mwenyewe, bila kujipamba, nasi tunayasema kama alivyoyasema. Mlango ulifunguliwa na Bibi Mayhew, aliyemtambua papo hapo.

"Bwana Ostergaard," alisema. "Kama umekuja ili ulale vizuri, hatuuzi dawa ya usingizi hapa."

"Nimekuja kusema nilikosa, mama. Nikishasema nitaondoka."

"Basi sema mbele yake, si mbele ya mlango wangu," akasema, akampisha aingie.

Aliyasema sebuleni, amesimama, kofia mkononi, kwamba alimfanyia mwanamume mwenzake jambo ambalo hata mnyama wake asingemfanyia kwa mzaha, kwamba alilijua kosa lake palepale mama wa nyumba alipoinuka, na kwamba yote aliyojitetea nayo baadaye yalikuwa uongo. Kocha Mayhew akasema, "Unajua kinachoniudhi? Kuhusu mpira ulikuwa sahihi. Nilipaswa kurusha zaidi. Ungekuja ofisini ukaniambia hivyo, ningekusikiliza, maana kule Tarlow hakuna aliyeutazama mchezo wangu kwa makini kama wewe." Baba alisema afadhali angempiga ngumi.

Na alipokuwa akigeuka kuondoka, binti yao, Simone, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne, alitoka jikoni na kusimama mbele yake.

"Nilikuwa na miaka sita," alimwambia. "Nilidhani unamuuza kweli. Nilimuuliza mama kama tutarudi nyumbani bila yeye."

Baba alituambia alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Watu wa sokoni mtaelewa hilo lilikuwa na uzito gani, mtu ambaye kwa miaka arobaini na zaidi hakuwahi kukosa neno. Aliinamisha kichwa mbele ya yule mtoto, akatoka, akakaa ndani ya gari hadi alipoweza kuendesha.

Tangu hapo hakupiga simu redioni tena, na viti vyake uwanjani alivirudisha chuoni. Alikwenda nyumbani kwa Orrin Tveit, na yale waliyozungumza ni yao wawili, ila walirudi kunywa kahawa pamoja, kimya kuliko zamani.

Machi 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka, akatibiwa, akalazwa mara kadhaa, miguu ikavimba, pumzi ikapungua. Agosti mwaka huu alituita watoto wote watatu akasema jambo hili liwekwe katika historia yake, na Steven akamwambia, "Baba, watu watakuja kukuaga, hawatakuja kukuhukumu." Akamjibu, "Nilimwaibisha mtu mbele ya mji mzima, halafu ninyi mnataka nizikwe kama msafi mbele ya mji ule ule?" Tukamwahidi. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, Joellen akiwa amemshika mkono.

Tulimpigia Kocha Mayhew kumpa taarifa. Alitupa pole, akasema hatakuja, ana vijana wake wa kuwafundisha, na alipojua kwamba sehemu hii itasomwa alituomba neno moja tu, "Msimpunguzie, na msimwongezee." Tumejitahidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo waliomhudumia, hasa wale waliovumilia kufundishwa naye jinsi ya kusema kwa sauti, inawashukuru majirani walioondoa theluji mlangoni kwake majira mawili ya baridi bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa soko la mifugo, ambao walitaka kumwimbia wito wa mnada kaburini na wakakubali kwa moyo mwema tulipowasihi wasifanye hivyo, mchungaji, kinamama wa kanisa walioandaa chakula, na mwalimu Orrin Tveit, aliyekuja kumsomea gazeti kila Jumatatu hadi ya mwisho. Ninyi mtakaokaa mezani baada ya maziko, mechi ya leo itazungumzwa, najua, na kocha wa sasa atasemwa pia, nanyi mseme, ila mkumbuke kwamba naye ana mtoto anayesikia.

Baba, tumeyasoma yote, jinsi ulivyotaka, na tumeona aibu pamoja nawe kama watoto wako. Tulikupenda kabla ya siku ile, na baada yake, na hata siku yenyewe. Sasa nyamaza, Delbert Ostergaard, upumzike, na amani uliyokosa kuwapa wengine Mungu awape wao kwanza, kisha akupe na wewe.